Kipupwe Kimoja Tu

Yokohama, 6 Aprili 1997

Mdogo wangu Fumie,

Habari za Kamisawa? Naamini theluji imeanza kuyeyuka na Mama anatoka kibarazani kuota jua. Sisi huku ni wazima. Micheri imechanua na maua yameshapukutika, hayamngoji mtu. Sawako hajambo. Binti yetu Madoka na mumewe hawajambo, na mjukuu ameota jino la pili.

Nakuarifu kwamba kazi imekwisha. Siku ya mwisho ya Machi walikusanyika ukumbini, mkurugenzi akasoma hotuba, wasichana wa ofisini wakanikabidhi shada la maua kubwa hata nikaona haya kupanda nalo treni. Na kwa kuwa mwezi uleule nilitimiza sitini, vijana wa karakana walinivika kizibao chekundu na kofia yake, kama alivyovikwa Baba. Mtu akifika sitini amezaliwa upya, wakasema, wakapiga makofi. Miaka thelathini na saba nimehangaika na lifti, Fumie. Nimewapandisha watu na kuwashusha. Sasa ni zamu yangu kutulia.

Ila asubuhi ya kwanza niliamka kama kawaida, nikavaa shati, nikafunga tai, ndipo nikakumbuka. Sawako akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikakaa. Ilipofika saa sita mchana akaja tena, "Na chakula cha mchana utakuwa unakula hapa? Kila siku?" Nikacheka, lakini yeye hakucheka.

Nimejiandikisha darasa la kutengeneza tambi za soba pale jumba la mtaa. Wanaume watupu, wote wastaafu, wote na aproni mpya. Mwalimu anasema unga wa soba humfundisha mtu subira. Nadhani huko ndiko nitakakopata utulivu wa moyo. Wewe uliyeishi mashambani miaka yote una bahati, utulivu unao mlangoni.

Msalimie Mama. Ukipata nafasi nitumie figili zenu za kukaushwa kwa moshi na kulowekwa chumvi. Za dukani huku hazina ladha.

Kaka yako,
Shigenori


Kamisawa, 29 Aprili

Kaka Shigenori, shikamoo.

Barua yako ilinikuta juu ya paa la ghala nikiondoa theluji ya upande wa kivuli, ndiyo maana jibu limechelewa. Theluji ya huku haina habari kuwa Aprili imeingia. Mama yu hai. Goti la kulia limevimba, usingizi wa tabu, macho yamefifia hasomi tena, na masikio yamefunga, mpaka umsemee kwa karibu. Simu ikilia anadhani ni nyenje. Jirani yetu Bibi Towa anakusalimu. Yeye amepoteza jino lake la mwisho, mwambie mjukuu wako wamepishana njiani.

Hongera kwa maua. Hongera kwa kizibao. Kile cha Baba kimo sandukuni, nondo wameshakula shingo yote.

Eti nina bahati! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Acha nikueleze utulivu ulioko mlangoni kwangu. Kabla hakujapambazuka nawasha jiko. Nambadilisha Mama nguo, namkanda goti, namlisha uji, anautema, nampikia mwingine. Kipupwe kikija napanda paani na koleo, maana nisipopanda nyumba itatulalia. Niliporudi hapa kutoka kwa yule mume wa Omagari nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Baba akasema nikae kidogo mpaka mambo yatulie. Leo nina hamsini na saba, na mambo bado yanatulia.

Sasa nina ombi, na naliandika waziwazi usije ukasema hukuelewa. Umestaafu. Mchukue Mama kipupwe kimoja tu, kuanzia Desemba hadi micheri ichanue. Nataka nikae mahali pasipo theluji, nilale mpaka jua linichome usoni, walau mara moja kabla sijafa. Wewe ndiye mtoto wa kwanza. Madhabahu ya wazee ni yako, nyumba ni yako, na Mama ni wako kabla hajawa wangu. Ndivyo mlivyosema siku zote mlipokuwa mnagawana heshima.

Barua yako nimemsomea Mama. Amefurahi sana. Anakushukuru kwa uliyomwambia kuhusu goti lake.

Figili zimekwisha. Ngoja msimu.

Fumie


Yokohama, 20 Juni

Mdogo wangu Fumie,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua za mwezi huu zimenifungia ndani, nguo hazikauki, na moyo nao ni vilevile. Madoka hajambo. Sawako amekwenda Shizuoka kwa dada yake kupumzika kidogo, kwa hiyo nipo peke yangu na ubao wangu wa kukatia tambi. Mwalimu amesifu mkono wangu.

Nilijiunga pia na chama cha wastaafu wapanda milima, lakini nimejitoa. Kila mtu anajitambulisha kwa cheo alichokuwa nacho. "Mimi nilikuwa meneja wa mauzo," "mimi nilikuwa naibu mkuu wa kiwanda." Tunapanda mlima tukiwa na vyeo vya marehemu. Na wiki jana nilipita karakana yetu ya zamani, nikidhani huenda wamekwama na ile lifti ya hospitali inayosumbua. Vijana wakanipa chai. Wakanipa na kiti. Kisha nikaona mmoja wao anaangalia saa. Nikanywa chai ikiwa ya moto bado, nikaungua ulimi, nikaondoka.

Kuhusu lile uliloligusia, ni jambo la kufikiriwa kwa utulivu. Unajua nyumba yetu ni ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Mama hatazoea. Sawako naye ana mgongo. Tutalizungumza Agosti nikija kwa sikukuu ya wafu.

Sikumbuki kuandika habari za goti, lakini kama Mama amefurahi nami nimefurahi. Nakutumia kifurushi cha soba niliyoikata kwa mkono wangu.

Kaka yako,
Shigenori


Kamisawa, 2 Julai

Kaka, shikamoo.

Mpunga umeshika, vyura wanapiga kelele, Mama alianguka mara moja chooni lakini hakuvunjika. Soba yako imefika ikiwa vipande vipande. Nimewapa kuku. Wamekula wawili, wengine wameondoka.

Fundi mkuu wa lifti anaishi kwenye jengo lisilo na lifti! Nimecheka mpaka Mama akauliza kuna nini. Aliye juu mngoje chini, Kaka, na wewe huteremki.

Sawako ana mgongo. Mimi nadhani sina, huwa natembea kwa tumbo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na jingine. Dada yake Sawako wa Shizuoka alizikwa mwaka juzi. Ubani nilituma kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuulizi kitu. Ila ukitaka kunidanganya, jitahidi kidogo.

Hujanijibu habari ya kipupwe.

Fumie


Yokohama, 25 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefika salama. Nakushukuru kwa siku zile tatu, kwa tikiti maji, kwa godoro ulilonianikia juani. Tulipowasha moto mlangoni kuwakaribisha wafu na Mama akanishika mkono akisema, "Umekonda," nusura nilie. Siku ya pili nilikaa kibarazani peke yangu nikisikiliza kijito, na nikwambie, Fumie, tangu nilipoacha kazi sijawahi kuwa na amani namna ile. Najua ulitaka kulianzisha lile jambo la kipupwe. Ulianza mara mbili, na mara zote mbili Bibi Towa akaingia na matango yake.

Basi nimepata jibu, na litatufaa sote. Mama hana haja ya kuhama. Mimi ndiye nitakayehama! Mahali pa mtoto wa kwanza ni nyumbani. Mjini mtu aliyestaafu ni kama samani iliyokosa pa kuwekwa, lakini huko kuna ardhi, kuna moshi, kuna kazi ya mikono. Tutakuwa watatu kama zamani. Wewe utaendelea na Mama na jiko kama ulivyozoea, hamna kitakachobadilika kwako, na mimi nitashika zile figili za moshi na kuandika kumbukumbu za kazi yangu. Nilijiona nimechelewa kujua ninachokitaka, kumbe kilikuwa kinaningoja huko.

Sawako ana mambo yake huku. Tumekubaliana vizuri.

Unasemaje?

Kaka yako,
Shigenori


Kamisawa, 14 Septemba

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo, goti limepungua. Kereng'ende wekundu wameshatanda mashambani. Kuna mavuno mazuri ya kokwa za chestnati mwaka huu.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaenda kung'oa magugu, nikarudi nikaisoma tena. Umesema kweli. Mahali pa mtoto wa kwanza ni nyumbani.

Njoo katikati ya Novemba, figili zikiwa zimeshang'olewa. Nitakufundisha kila kitu mwenyewe: moshi, dawa za Mama, uji wake anaoutaka, jinsi ya kumwinua bila kumuumiza, namna ya kupanda paani. Lete soksi nzito. Unga usilete.

Fumie


Yokohama, 9 Oktoba

Fumie,

Barua yako imenifanya kijana! Nimewaaga wa darasa la soba, wakanipigia makofi. Nyumba ya huku nimemwachia Sawako, ni uamuzi wetu wote wawili, hakuna aliyekosewa. Nitafika tarehe 15 Novemba kwa ile treni mpya ya kasi. Hujui umeniokoa kiasi gani. Mwambie Mama mwanawe anarudi.

Shigenori


Ibusuki, 27 Novemba

Kaka Shigenori, shikamoo.

Habari ya Mama? Habari ya moto? Mimi ni mzima, na huku ninakoandika dirisha liko wazi.

Nilikuaga kwamba nakwenda mjini Yokote mara moja kununua chumvi ya kuloweka figili. Chumvi ipo, Kaka. Gunia zima, nyuma ya pipa la miso ya maharage. Ungekuwa umewahi kutazama humo ghalani ungeliona.

Niko kusini kabisa mwa nchi kwa Kinuyo niliyesoma naye. Ana nyumba ya wageni penye chemchemi za maji moto. Wenye maumivu huzikwa pwani ndani ya mchanga wa moto hadi shingoni. Juzi Kinuyo alinizika nami. Nililala humo ndani, nikakoroma, watu wakacheka. Michungwa imejaa matunda na hakuna mtu mwenye koleo.

Nilikuomba kipupwe kimoja. Kwa barua nilikuomba, kwa mdomo nilijaribu, na wewe ukaniletea mdomo mwingine wa kulisha, ukauita utulivu. "Kama ulivyozoea," ukaandika. "Hamna kitakachobadilika kwako." Maneno hayo yalinichoma, Kaka, kuliko kama ungekataa tu. Ungekataa ningenuna, ningekasirika, ningepanda paani kama kawaida yangu. Lakini ulinihesabu pamoja na jiko.

Basi na mimi nimestaafu. Hapakuwa na hotuba wala shada. Stesheni ya Omagari nilijinunulia chungwa. Nililia kutoka Omagari mpaka Morioka, sikufichi, kwa ajili ya Mama. Baada ya Morioka nikanunua chakula cha boksi, nikala chote, mpaka ile plamu ya chumvi.

Wiki nzima nimekufundisha, na mikono yako si mibovu. Mkande Mama goti asubuhi kabla hajasimama. Theluji isipite kiuno paani. Na kwenye moto wa figili tia kuni za mwaloni na mcheri tu. Mwerezi usiuguse hata ukiwa umeshikwa na shida, ule ni wa kuezekea.

Nitarudi micheri ikichanua. Au sitarudi. Sijaamua, na raha ya kutoamua nilikuwa siijui.

Fumie


Kamisawa, 10 Desemba

Fumie,

Sina salamu. Umemtupa Mama. Kwa umri wake! Umemtupa na umenidanganya machoni, na kikapu mkononi. Watu wanauliza. Nimewaambia umelazwa hospitali mjini Akita. Bibi Towa akanitazama akasema, "Maskini, hospitali yenye michungwa." Kumbe wote walijua. Walijua wakaninyamazia, wananiletea kabichi na kuniangalia kama mtu wa sarakasi.

Mimi sikuja hapa kuwa yaya. Nimefanya kazi miaka thelathini na saba, nilistahili kupumzika. Usiku Mama ananiita, mchana ananiita, na nikimlisha anafunga mdomo. Kalamu sijaigusa. Mwaloni uliisha siku ya tatu ya moshi, kwani uliukata kidogo, nikaongeza mwerezi, nao umewaka vizuri kuliko ule wako.

Rudi kabla ya mwaka mpya. Naandika kama mkubwa wa nyumba hii.

Shigenori


Kamisawa, 18 Januari 1998

Mdogo wangu Fumie,

Sijapata jibu lako. Natumaini u mzima na mwaka umekuanzia vizuri. Mama hajambo. Mikate ya mchele ya mwaka mpya nilimkatia vipande vidogo asije akapaliwa. Bibi Towa alinionyesha.

Theluji imefika madirishani. Wiki jana niliteleza paani nikaanguka ndani yake, nikazama mpaka kwapani, nikawa siwezi kwenda mbele wala nyuma. Bibi Towa alinivuta kwa kamba ya kufungia mpunga huku akicheka mpaka akakaa chini. "Mkurugenzi," ndivyo anavyoniita, "mkurugenzi, lifti imekwama!" Nikacheka na mimi. Ndipo nikagundua kuwa sikuwa nimecheka tangu mwezi wa kumi.

Figili zimetoka chungu. Pipa zima. Harufu ya mwerezi imeingia mpaka ndani, ukitafuna ni kama unalamba mlango. Mama anakula hivyohivyo kila siku, hataki za dukani. Anafumba macho, anatafuna polepole, kisha ananiambia, "Fumie, mkono wako unaumwa."

Maana kwake mimi ni wewe. Sikutaka kukuandikia hili. Tangu Desemba akili imemchanganyika, ananiita Fumie. "Fumie, maji." "Fumie, nigeuze." Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, napiga kelele sikioni, "Mama, ni mimi, Shigenori!" Anaogopa. Nimeacha.

Ila kuna jambo halinipi nafasi. Kila jioni kabla ya kula ananiuliza, "Fumie, barua ya Shigenori haijaja?" Nikimwambia haijaja anaanza kuzisema za zamani kwa moyo, neno kwa neno. Kwamba Shigenori alisema goti alifunge kitambaa cha pamba chenye tangawizi. Kwamba akila uji wa mjini anautamani wa kwao. Kwamba kila akiingia kwenye lifti mpya kuijaribu humwomba Mama kwanza, ndipo abonyeze. Kwamba kipupwe kijacho atakuja ambebe mgongoni mpaka stesheni. Anazisema huku anatabasamu, Fumie, mimi nimekaa mbele yake na bakuli mkononi.

Mimi sikuyaandika hayo. Ulikuwa unamsomea nini?

Shigenori


Ibusuki, 5 Februari

Kaka Shigenori, shikamoo.

Ni mzima. Huku maua ya plamu yanapukutika. Kinuyo amenipa kazi ya kupokea wageni mlangoni, nainamisha kichwa na kusema karibuni, nalipwa kwa hilo, ajabu kweli. Nimenenepa. Barua yako ya Desemba sikuijibu kwa sababu haikuwa na swali.

Hii ina swali. Nilikuwa namsomea ulichopaswa kuandika.

Wewe uliandika "Msalimie Mama." Basi. Kurasa nne za lifti na wakubwa wa kazini, na mwishoni hayo maneno mawili. Na Mama amekaa hapo, amefunga mkanda wa kimono vizuri kwa sababu barua imefika, mikono juu ya magoti, anangoja. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikaongeza sentensi moja. Akaniomba niirudie. Barua iliyofuata nikaongeza mbili. Mwisho nikawa na kaka hodari kabisa, mwenye huruma, anayekumbuka goti na tangawizi. Nilimtengeneza mwenyewe, Kaka, na nikamwonea wivu. Mama alimpenda mno yule. Alikuwa ananisimulia habari zake wakati namwosha miguu.

Mimi hakuwahi kuniambia asante. Sisemi kwa kumlaumu. Mtu haushukuru mkono wake mwenyewe. Lakini nilingoja, sikatai, miaka yote nilingoja walau mara moja, na hilo ndilo lililonitoa humo ndani, si theluji.

Sasa mkono ni wewe. Pole.

Barua sitatunga tena. Kalamu unayo, na nafasi unayo, umestaafu. Mwandikie mwenyewe. Ya kweli.

Figili chungu ziloweshe kwa maji ya mchele siku nzima, zitapungua ukali. Hazitapona.

Fumie


Kamisawa, 22 Machi

Mdogo wangu Fumie,

Salamu kutoka kwetu wote. Theluji inadondoka kutoka kwenye mapaa mchana kutwa, na Bibi Towa amepata meno ya bandia, anatisha. Mama hajambo. Goti nalikanda kwa tangawizi, nayo kweli inasaidia, sijui ulibuni au ulijua. Figili nimeziloweka. Zimepungua ukali, hazijapona.

Jumamosi iliyopita nilitimiza sitini na moja, nikakumbuka siku hiyo ikiwa imeshapita. Sijui kama huo ndio utulivu niliokuwa nautafuta. Sidhani. Nachoka, namkasirikia, jana nilitupa bakuli ukutani kisha nikafuta uji mwenyewe. Nakuelewa sasa, na kukuelewa hakunipi raha yoyote. Sikuombi urudi.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwandikia Mama barua, na niliandika ya kweli. Kwamba Sawako alinifukuza, na sababu zake. Kwamba nilijificha nyuma ya lifti kwa sababu huko watu waliniamkia. Kwamba ni wewe uliyembeba miaka yote na sikuwahi hata kukuuliza kama umechoka. Kwamba namwomba radhi, na nakuja kukaa naye mpaka mwisho. Nikaenda kuitia posta, ije nyumbani na muhuri wake, maana anapenda kuupapasa.

Imefika jana. Mama akaniomba nimfunge mkanda vizuri. Akaweka mikono juu ya magoti. Nikamsomea sikioni polepole, yote, nikakwama mara mbili tatu katikati, naye akaningoja. Nilipomaliza akanishika mkono, akaupapasa huku na huku kama anautafutia mahali panapouma.

"Fumie, mwanangu," akasema. "Umefanya kazi sana. Asante. Pumzika sasa, usimngoje huyu. Ni mtu wa barua tu. Hatakuja."

Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Hatakuja."

Shigenori